Panga la Bi Tatu na Mchungwa wa Baba

Blida, Aljeria

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Nimeiandika shikamoo hii nikiwa nimesimama, kwanza kwa sababu kiti cha chumba hiki kimevunjika mguu, na pili kwa sababu sijawahi kukuamkia nikiwa nimekaa. Magoti yanaendeleaje? Mdogo wangu Elias aliniambia umeanza tena kubeba ndoo mwenyewe kutoka kisimani wakati yeye yupo nyumbani na mikono anayo. Dawa ya presha unameza kila siku, au bado unangoja kichwa kiume kwanza? Na yule kuku mwenye kishungi, bado anakwenda kutaga kwenye gari bovu la watu? Niambie yote. Hata yale unayoona hayana maana, huku kwangu ndiyo chakula.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi. Kipasha joto cha chumbani kimekufa tangu kabla sijahamia, kwa hiyo nalala na soksi na lile sweta la kijani la jeshi la Baba ulilonipa uwanja wa ndege. Kiwiko kimetoboka, nimekiziba kwa uzi mwekundu maana ndio niliokuwa nao. Chuoni nimefika sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu ni mama mmoja mkali, anasahihisha kwa penseli, na wiki iliyopita aliandika pembeni mwa ukurasa kwamba naandika kama mtu anayeogopa kufika. Nilikasirika nusu siku. Halafu nikaona ana haki. Nina tabia ya kuzunguka jambo, ninalichungulia madirishani kote kabla ya kuingia mlangoni. Wewe unaijua tabia hiyo, ulinilea nayo.

Basi leo najaribu kufika.

Ninakuandikia barua, Mama, kwa sababu kwenye simu kila nikilitaja jina la Bi Tatu mtandao wa Chanika unakatika. Tunaongea vizuri habari za Elias, za mvua, za kwaya, nikisema tu "Na Bi Tatu je?" unasema, "Haloo? Haloo? Sikusikii mwanangu," na simu inazima. Mtandao gani huo unaochagua majina? Barua haina kitufe cha kuzimia. Ataileta Dada Rehema, tuliyekuwa tukisoma naye, amemaliza na anarudi nyumbani. Nimemwomba akukabidhi mkononi, na nakuomba na wewe uisome mpaka mwisho, hata kama katikati itakuuma.

Huku sasa ni msimu wa machungwa. Wanayauza njiani kutoka nyuma ya magari madogo, yamelundikwa mpaka yanadondoka na watu wanayaruka. Wanasema mji huu unasifika kwa machungwa, na kweli ni matamu, sitasema uongo. Lakini nilipomenya la kwanza mwaka huu nilijikuta nimelishika kwenye kiganja nikilipima uzito kama Baba. Unakumbuka? Hakuwahi kula chungwa bila kulipima kwanza, halafu analinusa pale lilipotoka kwenye kikonyo, halafu anatoa hukumu: "Hili mama yake alikunywa maji." Sisi tunacheka. Nililia njiani, Mama, mbele ya muuza machungwa, akaniongezea mawili bure akidhani naumwa na njaa.

Tangu siku hiyo Baba hatoki kichwani. Namwona asubuhi uani kwetu, sikio lake la kushoto lililokufa kwa mizinga ya vita, kichwa kimeinama upande wa kulia kama kuku anayesikiliza. Namwona na kile kisu kidogo ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukatia hata uzi. Vita hakuvisimulia. Elias alipokuwa mdogo alimuuliza, "Baba, uliua?" Naye akasema, "Nenda kaniletee nailoni." Akampa Elias kushika mche wa mlimau, akaupasua juu katikati, akachonga kikonyo, kitawi kidogo cha mchungwa, kikawa kama ulimi wa nyoka, akakichomeka humo, akafunga kwa nailoni akiizungusha taratibu. Alipomaliza akasema, "Hapo. Wiki chache zijazo uje uniulize kama kimekufa au kimeishi. Hilo swali nitalijibu." Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu changu. Nilijifanya nasoma.

Alibebesha hivyo, mti juu ya mti, miti ya nusu ya Chanika. Mtu akijenga, kabla hajaezeka, Baba ameshafika na mche kwenye kopo. Lakini mti wake mwenyewe ulikuwa mmoja, mchungwa wa mbele ya nyumba, na habari za mti ule wewe ndiye uliyenisimulia, jikoni, ukichambua mchele, ukicheka mpaka ungo unatikisika.

Kwamba alikuwa askari kijana aliyebakishwa Bukoba baada ya vita, akawa anapita mbele ya nyumba ya Babu kila siku kwa kisingizio cha maji. Kwamba miaka ikapita, akarudi na wazee wake kutoka Tabora kukuoa. Kwamba mbele ya nyumba ya Babu kulikuwa na mchungwa ambao Babu alikuwa hampi mtu tawi lake, hata padri aliomba akanyimwa. Na siku ya kukuchukua, wakwe wote wamevaa, shangazi zako wametandika mikeka, bwana harusi akatokea ndani ya suti na kandambili. Kandambili za bluu! Babu akanuna. Shangazi yako mkubwa akasema kwa sauti, "Mwenyezi Mungu, tumemtoa mtoto kwa mtu asiye na viatu." Naye Baba anatabasamu tu, amebeba mabuti yake ya jeshi mkononi yamefungwa kamba kwa kamba. Mpaka mko ndani ya meli, nchi kavu imepotea, ndipo alipokufungulia buti moja ukaona: vikonyo vya mchungwa wa Babu, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi, vimesimama ndani ya buti kama askari kwenye handaki.

Ulimwambia, "Si ungeomba?"

Akakujibu, "Kikonyo cha kuomba kina haya, hakishiki. Cha kuiba ndicho kinachoshika."

Kikashika. Kwanza Temeke, nyuma ya ile nyumba ya kupanga, halafu tulipopata kiwanja Chanika akakata tena vikonyo pale Temeke akavileta. Babu akafa, mti wake wa Bukoba ukang'olewa kupisha ukuta. Kwa hiyo mchungwa wetu ndio uliokuwa umebaki. Ndani yake mlikuwa na baba yako na baba yangu. Najua, Mama. Nayaandika haya yote unayoyajua ili ujue kwamba nami nayajua, kabla sijafika ninakokwenda.

Sasa Bi Tatu.

Wewe na Baba mlipohamia Chanika hapakuwa na umeme wala barabara, na jirani wa kwanza kuingia uani kwetu hakubisha hodi. Nilikuwa mdogo lakini namkumbuka: mwanamke mfupi, kanga mbili, ameshika sahani ya vitumbua. Akamtazama Baba juu mpaka chini. "Weye kabila gani?" Baba akasema Mnyamwezi. Bi Tatu akaweka sahani chini, akapiga makofi. "Ala! Mnyamwezi! Mlikuja pwani kubeba mizigo yetu, mizigo imekwisha zamani, mbona hamrudi kwenu?" Wewe ulishtuka, nakumbuka mkono wako ulivyonishika bega. Lakini Baba uso ulimng'aa kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. "Tunangoja mmalize ngoma," akasema, "tuwabebee na ngoma zenu." Na ndiyo ikawa. Mzaramo na mtani wake Mnyamwezi, kila siku ya Mungu.

Aliingia alipotaka. Akachuma alichotaka. Alijua Baba hasikii kushoto, basi akawa anakuja kusimama kushoto kwake makusudi na kumtukana kwa sauti ya kawaida. "Mnyamwezi, leo umevaa suruali ya nani, ya marehemu gani?" Na Baba, bila kugeuka, bila kuacha kufunga nailoni yake, anajibu neno kwa neno. Bi Tatu anaruka. "Sikio hili la kushoto hodi halisikii, matusi linasikia! Ugonjwa gani huu?" Naye Baba jibu lake siku zote lilikuwa moja: "Umechelewa, Mzaramo. Chai imepoa." Halafu anamwita aje amshikie nailoni.

Maana ndiye aliyekuwa akimshikia, Mama. Mimi nilikuwa shule, Elias uwanjani, wewe ulikuwa na madaftari ya wanafunzi wako ya kusahihisha. Miaka yote ile aliyeshika nailoni alikuwa Bi Tatu. Macho yake yalikuwa kwenye ile mikono wakati mdomo ukimtukana mwenye mikono.

Siku mwili wa Baba uliposafirishwa kwenda Tabora nilikuwa huku, na wewe mwenyewe ulinikataza kuja kwa sababu ya mtihani na kwa sababu nisingewahi. Elias alishika simu juu ili nione. Nikaona turubai, nikaona jeneza, nikaona wale wazee wawili waliokuwa naye vitani wakipiga saluti. Halafu picha ikatikisika, nikasikia watu wanaguna, kisha wanacheka. Bi Tatu ametokea. Amevaa kofia ya Baba, amevaa mabuti ya Baba yanamfika magotini, ameweka mwiko begani kama bunduki. "Kulia... geuka!" akajiamrisha, akageukia kushoto. "Sisikii, afande! Sema upande huu!" Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Nami huku, peke yangu chumbani, nilicheka, na ndilo lililokuwa tendo langu la kwanza la kibinadamu tangu nipewe habari.

Ndipo alipochukua panga, akauendea mchungwa. "Mnyamwezi unaondoka bila kuniaga? Mie nachukua changu!" Akakata. Matawi kadhaa, ya pembeni, akayabeba kifuani akatoka nayo getini akiimba. Na kabla Elias hajaigeuza simu, nikaona uso wako.

Kwenu ulikokulia hakuna mtu angefanya vile mbele ya jeneza. Hilo nalielewa. Baba wadogo wa Tabora wangeweza kukuambia kwamba mtani asipofanya vile ndipo msiba unakuwa na kasoro, kwamba ilibidi umpe kitu kidogo mcheke yaishe. Lakini nani angekuambia siku ile? Uliingia ndani ukafunga mlango. Tangu siku hiyo vitumbua vyake vinarudi kama vilivyokuja.

Na wakamzika Tabora, mbali, kwa baba zake. Ukarudi Chanika huna hata kaburi la kufagia.

Hapa ndipo inaponiwia vigumu, Mama. Nimeweka kalamu chini, nimetembea mpaka dirishani, nimerudi.

Elias aliniambia ulivyofanya. Uliagiza udongo mzuri, ukaujaza kuzunguka mchungwa mpaka juu, ukamwita fundi akauzungushia ukuta mdogo wa saruji, ukaupaka chokaa, ukapanda maua. Kila asubuhi unaumwagilia ndoo nzima kabla hujanywa chai. Nilipoiona picha yake sikuhitaji kuelezwa ni nini. Umejenga kaburi la mumeo mahali unapoweza kulifikia kwa miguu inayouma. Nadhani sijawahi kuona kitu chenye upendo kuliko kile kiduara cha saruji.

Halafu mti ukaanza kuwa njano. Masika yakanyesha, ukazidi. Majani yakapukutika, ukasema ni panga la Bi Tatu, kwamba alimkata Baba mara ya pili. Umemwambia mchungaji hivyo, umemwambia Elias hivyo, na sasa umesema ibada ya kumbukumbu ya mwaka geti lifungwe, Bi Tatu asikanyage.

Mama, siyo panga.

Baba alikuwa akikata matawi mengi kuliko yale kila mwaka ili kupata vikonyo, na mti haukuwahi hata kuinama. Kumbuka maneno yake kila alipompa mtu mche. Alikuwa anaweka kidole pale mchungwa ulipounganishwa na mlimau, anasema, "Hapa pasifukiwe. Kiungo kione jua." Shina la chini ni la mlimau, hilo limezoea udongo. Gamba la mchungwa likifunikwa na udongo mbichi linaoza. Udongo wa kile kiduara umepita juu ya kiungo. Ulipokuwa kanisani Jumapili moja nilimwomba Elias achimbe kidogo kwa kijiko, upande wa nyuma usioonekana. Alinitumia picha. Gamba linatoka kwa kidole kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na utomvu umetoka ukaganda. Akaniambia, "Sista, inanuka." Akarudishia udongo, akapanga maua vilevile. Usimgombeze, nilimtuma mimi.

Nisikilize kabla hujaiweka barua chini. Hukukosea kumpenda. Ulikosea kimo cha udongo tu. Na asingeweza kukukasirikia hata angekuwepo. Angekuita hapo uani, angeweka kidole kwenye kiungo na kukuambia, "Mwalimu, nilifundisha nusu ya Chanika nikamsahau mke wangu." Ni kweli alikusahau. Hakuona haja. Alijua yeye yupo.

Nilifikiri sana kama nikuandikie haya au nikae nayo. Kilichonifanya niandike ni jambo jingine, nalo ni hili.

Baada ya kuona uozo ule, Elias alikwenda kwa Bi Tatu. Alikwenda na hasira ya kuona anasingiziwa, ili amwambie kwamba si yeye aliyeuua mti, apate kujitetea. Alimkuta anaosha vikaangio. Akamweleza. Bi Tatu hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Nilijua siku saruji ingali mbichi."

Elias akamuuliza, "Sasa Bi mkubwa, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mama yako? Nimwambie, wee mjane, kaburi ulilojenga ndilo linaloua? Una akili wewe?"

"Lakini anakuchukia bure."

"Mwache anichukie. Mtu akifiwa lazima apate wa kumchukia, asipompata atajichukia mwenyewe. Mie si mtani? Mtani mgongo wake ni wa kupigwa. Tena mumewe alinitukana miaka yote ile bila kuchoka, huyu mkewe ananinunia tu. Hata hajui kutukana, maskini."

Elias alikuwa anacheka na kulia aliponisimulia. Ila mimi sikucheka. Kwa karibu mwaka mzima, Mama, huyo jirani yako ameubeba mzigo wako kimya. Sisi Wanyamwezi ndio tunaoitwa wapagazi.

Nami sasa ninaumwaga mzigo ule alioubeba kwa hiari, na sina hakika kama nina haki. Yeye alitaka usijue. Lakini nimejiuliza: siku ya kumbukumbu watakaa watu uani, mchungaji atasema maneno mazuri, kwaya itaimba, na wote watamsifu Baba. Nani atamtukana? Nani mwingine aliyebaki duniani anayeweza kumtukana Baba vizuri, tusi kwa tusi, akamrudisha pale uani na sikio lake bovu na suruali yake ya marehemu? Ukimfungia geti, unamfungia na Baba nje. Na wewe unabaki ndani peke yako na ndoo ya maji. Hilo ndilo sikuweza kulivumilia. Afadhali uumie sasa ukiwa na jirani, kuliko upone polepole ukiwa huna.

Sasa neno la mwisho, na hili ni zuri.

Elias aliingia mpaka nyuma ya jiko la Bi Tatu. Kule penye kivuli, chini ya uzio wa minyaa, kuna makopo ya zamani ya mafuta ya kula yamepangwa. Ndani ya kila kopo mna mche wa mlimau, na juu ya kila mlimau kimefungwa kikonyo kwa nailoni, mizunguko iliyobanana, fundo kwa chini, kama vile tu Baba alivyokuwa akifunga. Vingine vilikufa, ameviacha palepale hajavitupa. Lakini iko miche inayoishi. Ina majani mazito ya kijani, mmoja unamfika Elias gotini. Ndiyo matawi aliyoyakata na panga siku ile, Mama. Alipokuwa akiondoka akiimba, ameyabeba kifuani, alikuwa anayawahisha yasinyauke. Mchungwa wa Babu na Baba haujaisha. Uko kwa jirani, hatua chache kutoka jikoni kwako, na ulikuwa huko muda wote.

Elias aliuomba mmoja. Akanyimwa! Bi Tatu alimwambia, "Kuomba sitoi. Marehemu alisema cha kuomba hakishiki. Mama yako akiutaka, aje aibe."

Kwa hiyo Mama, najua wewe ni mwalimu mstaafu, ni mzee wa kanisa, hujawahi kuchukua hata chaki ya shule. Nakuomba uibe. Bi Tatu hutoka alfajiri kupeleka vitumbua stendi. Pale kwenye uzio, mkabala na kamba yako ya kuanikia nguo, minyaa imekatwa ikaacha nafasi ya mtu kupita. Elias anaapa nafasi ile haikuwepo mwaka jana. Na mche ulio karibu zaidi na nafasi hiyo ndio ule unaofika gotini. Usimtume Elias. Jifunge kanga, vaa kandambili, pita.

Kile kiduara usikivunje kwa hasira. Elias atakitoa taratibu, na ule mti mkavu aukate, vipande vyake mpikie chai ya siku ya kumbukumbu. Moshi wa mchungwa ni mtamu.

Nisalimie Elias, mwambie kijiko alichochimbia akirudishe jikoni, najua hajakirudisha. Nisalimie baba mdogo wa Tabora atakapofika kwa ajili ya ibada, mwambie nalitunza sweta la kaka yake. Nisalimie mama mkubwa wa Bukoba, mkumbushe habari za kandambili acheke na meno yake mapya. Nisalimie mchungaji na wenzako wa kwaya. Na wale wazee wawili wa saluti, wakija, wakae kiti cha mbele.

Bi Tatu simpi salamu kwenye barua, atazisikia kwako. Atakaporudi kutoka stendi na kukuta kopo moja halipo, atakuja getini anapiga yowe la mwizi mtaa mzima usikie. Usimfungie, Mama. Wala usiombe radhi, ataona umemtukana. Kaa barazani, nyoosha miguu, ungoje amalize. Kisha mwambie amechelewa, chai imepoa.

Halafu upandeni pamoja. Kiungo kione jua.

Mwanao akupendaye,

Nyamizi